Siku Kuu ya 30 Juni: Tule Vyakula vya Inchi Yetu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya watumishi wa migodi, wamama na wakaaji wa mji)



Siku ya 30 Juni inakaribia, na kila mwaka swali ni lile lile, ofisini na mgodini: siku hiyo tutaweka nini juu ya meza? Wengine wanadhani ni neno dogo la wamama. Sisi tunasema ni neno la inchi nzima.

Angalieni mambo yanavyokwenda. Mtu analipwa, anakimbilia duka, anachukua kreti mbili za bia, mchele wa ng'ambo, nyama ya kopo. Feza haitoshi, anaandika deni. Siku moja anaonekana mkubwa. Mwezi wa saba watoto wanalala na njaa, na mwenye deni anagonga mlango. Je, ndiyo Uhuru huo? Mtu anayefunguliwa mikono 30 Juni na kufungwa na deni 1 Julai hajafunguliwa.

Tukumbuke wazee wetu. Wakati wa Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, mtumishi alipewa posho: unga wa mahindi, mafuta, karanga, samaki mkavu, chumvi, vyote kwa kipimo. Hatusemi kwamba posho haikushibisha. Lakini mwingine ndiye aliyechagua kitu cha kutia katika chungu chako. Inchi ilipopata Uhuru mwaka 1960, ilipata pia haki ya kujichagulia chakula. Basi tuchague kwa akili.

Tuanze na bukari. Wengi wanaamini mahindi na muhogo vilikuwa kwetu tangu mwanzo. Sivyo. Vyote viwili vilitoka Amerika, vikaletwa Afrika na merikebu za Wareno baada ya mwaka 1500. Mbele yake wazee walisonga unga wa ulezi na wa mtama. Wakaona mimea ile ni mizuri, wakaipanda, wakaifanya yao. Leo nani atasema bukari si yetu? Desturi haikatai kitu kigeni: inakijaribu, na kikifaa inakipa jina la nyumbani. Mama anayechanganya unga wa mahindi na wa muhogo anajua kwamba bukari yake itakuwa laini na itashikamana vizuri mkononi.

Kisha sombe. Hapa, wandugu, tusikilizane vizuri. Sisi wa Katanga tunasema sombe. Mtu wa Kasai anasema matamba. Wa Kinshasa anasema pondu. Wa Kongo Central anasema saka-saka. Majina manne, jani moja la muhogo! Tukigombana kwa kabila na kabila, tukumbuke kwamba vyungu vyetu vimekwisha kupatana zamani.

Lakini sombe haitaki haraka. Muhogo una sumu, zaidi ule mchungu. Majani yatwangwe sana katika kinu, yachemke kwa muda mrefu, na chungu kisifunikwe, ili sumu itoke pamoja na mvuke. Halafu ndipo mama anatia kitunguu, karanga za kutwanga au mafuta ya ngazi, na samaki mkavu kidogo. Vilevile mizizi ya muhogo mchungu ilowekwe siku tatu kabla ya kuanikwa na kutwangwa unga. Anayefupisha kazi hiyo kwa sababu ya sikukuu anahatarisha watoto wake.

Samaki tunao. Kasenga, juu ya mto Luapula, imelisha mji huu tangu ulipoitwa Élisabethville. Ziwa Moero linatoa samaki, ziwa Tanganyika linatoa ndakala. Hata sambaza wa ziwa Kivu asili yao ni Tanganyika: walichukuliwa huko na kutiwa Kivu karibu na mwaka 1959, na leo watu wa Bukavu na Goma wanawasifu kama wazaliwa wa kwao. Ndugu zetu wa mtoni wanatufundisha liboke: samaki na chumvi, kitunguu na pilipili, wanafungwa ndani ya majani na kuiva polepole juu ya makala. Mwenye mbabula anaweza kulifanya, hata kama hajaona mto mkubwa. Na mwenye kuku apike kuku ya mwambe, katika mchuzi wa ngazi zilizochemshwa, zikatwangwa na kukamuliwa. Ni chakula kinachopendwa karibu katika inchi yote.

Juni ni wakati wa baridi na wa ukavu. Vinkubala na bowa vibichi ni vya wakati wa mvua. Siku ile tutakula vilivyokaushwa. Viloweke kwanza katika maji ya moto, kisha vikaangwe na kitunguu na karanga. Kijana asione haya mbele ya vinkubala: vinatia mwili nguvu kama nyama. Na watoto wapewe munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, badala ya chupa za duka.

Sasa neno kwa wababa. Siku kuu ya mwanaume mara nyingi ni siku ya taabu ya mwanamke. Yeye anatwanga tangu alfajiri, sisi tumeketi na chupa. Mwanaume akishika mchi, mkono wake hautakatika. Abebe maji, anunue makala, achinje kuku. Uhuru usioingia jikoni umebaki barabarani.

Na neno la mwisho, lililo zito. Katika miaka 1992 na 1993, hapa Katanga, watu wengi wa asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao, Likasi na Kolwezi. Walikuwa wametumika mgodi mmoja na sisi, watoto wao wamesoma pamoja na wetu. Jambo lile lisirudi tena. Kwa hiyo, 30 Juni, kila nyumba imwite jirani asiye wa kabila lake. Aje na chakula chake, akute chetu. Mtu uliyenawa naye mikono katika bakuli moja, ni vigumu kesho kumwita mgeni.

Namna ya kufanya ni hii. Nyumba tano au sita ziunganike kama katika likelemba. Kila mshahara, kila nyumba iweke kitu kidogo. Mmoja anunue unga, mmoja samaki, mmoja mafuta, mmoja makala. Hakuna deni, hakuna majivuno, na hakuna mtoto wa mtaa atakayetazama sahani ya mwenzake kwa mbali.

Wandugu, anzeni leo.