Moto Unaovuka Mto Naf: Usalama wa Bangladesh na Madhila ya Warohingya

Usiku wa Septemba 29, 2012, umati uliuvamia mji mdogo wa Ramu, kusini-mashariki mwa Bangladesh, ukateketeza mahekalu ya Wabudha na nyumba zao. Chanzo kilikuwa picha ya Kurani iliyoungua, iliyosambazwa Facebook. Lakini tangu Juni mwaka huo, ng'ambo ya Mto Naf, Wabudha na Waislamu walikuwa wamechinjana katika jimbo la Rakhine nchini Myanmar, na mashua za Warohingya wa Rakhine, wengi wao Waislamu, waliokimbia zikawa zinatafuta pa kutia nanga upande wa pili. Hasira ilikwisha kuvuka mpaka. Ikawaangukia raia wa Bangladesh ambao hawakuwa na mkono wowote katika yaliyotokea Rakhine.

Haikuwa mara ya kwanza. Msikiti wa Babri ulipobomolewa Ayodhya, India, Desemba 6, 1992, waliolipiziwa kisasi ni Wahindu wa Bangladesh. Hata hekalu la Dhakeshwari jijini Dhaka lilishambuliwa.

Hoja ya mhadhara huu ni kwamba dola inayowaonea wachache wake humtia jirani hatarini, na jirani huyo ana haki ya kusema mapema. Sheria ya uraia ya Myanmar ya mwaka 1982 iliwaacha Warohingya nje ya orodha ya makabila yanayotambuliwa. Walikuwa wameshakimbilia Bangladesh mwaka 1978. Wakakimbia tena 1991 na 1992. Agosti 2017, baada ya wapiganaji wa ARSA, kundi la Warohingya wenye silaha, kushambulia vituo vya polisi, jeshi la Myanmar lilichoma vijiji, na watu zaidi ya 700,000 wakavuka mpaka katika miezi michache.

Wengi wangali katika kambi za Cox's Bazar, kusini-mashariki mwa Bangladesh, ndani ya vibanda vya mianzi na turubai, bila ruhusa ya kuajiriwa. Magenge yenye silaha yanagombea kambi hizo, na vidonge vya yaba, dawa ya kulevya, vinaingizwa kutoka Myanmar. Mohib Ullah, aliyekuwa mwalimu, alikusanya pamoja na wenzake majina ya waliouawa, kibanda kwa kibanda. Septemba 2021 alipigwa risasi ofisini mwake kambini, akafa. Polisi wa Bangladesh waliwashtaki watu wa ARSA: Warohingya kwa Warohingya, katika ardhi ya mwenyeji wao.

Nani basi aseme kwamba hayo ni mambo ya ndani ya Myanmar? Gambia ilikataa. Novemba 2019 iliishtaki Myanmar katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, ikiongozwa na waziri wake wa sheria, Abubacarr Tambadou, aliyewahi kufanya kazi katika mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda kule Arusha.

Nchi za ASEAN, jumuiya ya kusini-mashariki mwa Asia ambayo Myanmar ni mwanachama wake, ziitake Myanmar ifute sheria ya 1982. Na Bangladesh, inayowadaia haki Warohingya, iwalinde Wabudha wa Ramu na Wahindu wa Dhaka kwa nguvu ile ile.