KUMWOMBA MWAJIRI KARO YA MASOMO YA TAALUMA
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)

Bwana Mwenyekiti, Wazee wetu waheshimiwa, Mabibi na Mabwana wanachama,

Kamati imetutaka sisi makarani wa Chama tuseme machache juu ya jambo linalogusa sanduku letu kila mwaka, nalo ni karo za vijana wetu walio kazini, wanaotaka vyeti vya taaluma kama vile uhasibu na ukatibu wa makampuni.

Sanduku la Chama liliwekwa kwa ajili ya wagonjwa, wafiwa na mayatima. Lakini kijana akishindwa na karo, njia ya kwanza aijuayo ni kuitisha harambee, na wazee hutoa walichokuwa wamekiweka kwa dawa. Hatusemi elimu isichangiwe. Twasema yuko mmoja ambaye hajaulizwa, naye ndiye atakayeitumia elimu hiyo kila siku ya kazi: mwajiri.

Wako wanaosema kwamba kumwomba mwajiri ni kujidhalilisha. Kwa heshima zote, hatuoni hivyo. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwajiri anayelipia masomo ya karani wake hatoi sadaka. Ananunua ujuzi wa kulinda mali yake mwenyewe.

Tena sheria imefungua mlango. Sheria ya Mafunzo ya Viwanda ilitungwa mwaka 1959. Chini yake mwajiri hutozwa shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi, na fedha hizo hazikatwi katika mshahara wa mtu. Mwenye wafanyakazi 40 hulipa shilingi 24,000 kwa mwaka. Kazi hiyo husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, iliyoundwa kwa marekebisho ya mwaka 2011. Mwajiri aliyelipa ada yake aweza kuomba arudishiwe gharama za mafunzo yaliyokubaliwa na Mamlaka, ila yampasa kupeleka ombi kabla ya mafunzo kuanza. Karani anayejua haya haendi kwa mkubwa wake mikono mitupu; anampelekea habari yenye faida.

Sasa juu ya barua yenyewe. Kwanza, itaje mtihani na wanaoutahini. Kwa wahasibu wa Kenya ni KASNEB, bodi iliyoundwa mwaka 1969. Pili, ioneshe gharama yote: kuandikishwa, ada ya mtihani, mafundisho na vitabu. Anayetaja nusu ili asitishe mtu atarudi mlangoni mara ya pili, na mara ya pili mlango huwa mzito. Tatu, itaje kazi ile hasa itakayofanywa vizuri zaidi, kama vile kulinganisha daftari na hesabu za benki bila kumwita mtu wa nje. Nne, iombe siku za mtihani. Tano, itoe njia ya pili: ikiwa mwajiri hawezi yote, alipe ada ya mtihani kila mtu afaulupo.

Barua hiyo ipelekwe kabla makadirio ya fedha hayajafungwa. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Barua ifikayo Juni hukuta chungu kimekwisha kupakuliwa.

Jambo la mwisho ndilo zito. Mwajiri akikubali, mara nyingi huleta hati ya mapatano. Mwanachama mwenzetu mmoja alilipiwa masomo na mwajiri ambaye hatutamtaja. Hati ilisema atumike miaka 3 baada ya kufaulu, na akiondoka kabla, arudishe fedha zote. Baada ya miaka 2 na miezi 10 alipata kazi yenye mshahara bora. Akadaiwa kila senti, kana kwamba hakutumika hata siku moja. Sahihi ilikuwa yake, deni likawa lake, na watoto wake wakakaa nyumbani muhula mzima.

Hivyo basi, kabla ya kutia sahihi, mtu aulize mambo matatu. Je, deni lapungua kila mwaka anaotumika? Akianguka mtihani itakuwaje? Akiachishwa kazi na mwajiri mwenyewe, atadaiwa? Majibu yaandikwe katika hati, wala yasibaki mdomoni. Ni kweli kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hairuhusu makato yote kwa jumla kupita theluthi mbili za mshahara. Lakini theluthi moja inayosalia haitoshi kodi ya nyumba na unga.

Nanyi Wazee wetu, twawaomba msaada usiohitaji fedha. Mwenye kusoma akitoka kazini husoma usiku na Jumamosi. Msimwite kila juma kwa jambo liwezalo kungoja. Na binti aliye karani apewe nafasi hiyo hiyo. Asiachiwe jiko lote hali ndugu yake ameachiwa taa na meza.

Bwana Mwenyekiti, twapendekeza jambo moja kwa uamuzi wa Mkutano: kwamba mwanachama yeyote aliye kazini, kabla ya kuomba karo katika sanduku letu, alete nakala ya barua aliyompelekea mwajiri wake, pamoja na jibu. Jibu likiwa ni hapana, tumchangie kwa moyo mweupe. Wasiojua kuandika barua hiyo watatukuta ofisini mwa Chama, nasi tutaketi nao mpaka iishe. Na aliyeletewa hati ya mapatano ailete tuisome pamoja kabla ya wino kuigusa.