Baharini Hakuna Gereji

Kusi imeshika kasi na boti nyingi zimepandishwa nchi kavu. Msimu mmoja mjomba wangu aliifunika mashine yake turubai, akaiacha na chumvi yake. Kaskazi ilipoingia, ikamzimikia baharini. Alielea usiku kucha, nasi tukakesha ufukoni.

Wenye boti, kabla ya kufunika, iwasheni mashine ndani ya pipa la maji baridi, ioshe chumvi tumboni. Ikiwa bado majini inaunguruma, chomoeni mpira wa petroli, izimike yenyewe, kabureta ibaki tupu. Kisha mwageni oili ya gia, mtie mpya. Ya zamani ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Mwiteni fundi sasa, mkiwa nchi kavu. Baharini hakuna gereji.