Muulizeni Aliyerudi

(Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa Kibugu mbele ya akina mama na vijana. Wengi ambao hawakuweza kufika siku ile wametuomba tuyachapishe. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa.)

Wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana mliosimama huko mlangoni kana kwamba mnataka kutoroka, hamjambo. Ingieni, kuna nafasi mbele. Tunajua leo ni siku ya kuchuma chai na wengine mmeacha vikapu nyumbani, kwa hivyo hatutawaweka mpaka giza.

Mara nyingine huja kwenu na mambo ya maji safi, ya vyama vya akina mama, ya mbuzi wa maziwa. Leo tumekuja na jambo la safari za ng'ambo, hasa hizi za wasichana wetu kwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Hakuna kijiji hapa ambacho hakina mtu aliyekwenda au anayejiandaa kwenda. Na tutaanza na kosa letu wenyewe, ili msifikiri tumekuja kuwahukumu.

Miaka michache iliyopita msichana mmoja wa hapa hapa alikuja ofisini kwetu. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, hakupata alama za kumpeleka mbele, na kwao wako sita. Alitaka barua ya kusema kwamba ametoka katika familia nzuri na kwamba tunamfahamu. Tulimwandikia siku ile ile. Tulimpa mkono, tukamwombea, tukamwambia asitusahau akishafika. Mama yake alikuwa ameuza ng'ombe wa maziwa, na bonasi ya chai ya mwezi wa Oktoba yote ilikuwa imekwenda kwa ajenti. Sisi tuliosomea kazi hii, tuliopewa stashahada na ofisi na muhuri, hatukumwuliza hata swali moja la maana. Tuliona fomu ina picha ya ndege juu yake, tukatosheka.

Alikwenda Saudia. Alipiga simu mara mbili. Halafu kimya cha miezi. Aliporudi, alikuja na mfuko mmoja mdogo, na kwa wiki kadhaa hakutaka kutoka nje isipokuwa usiku. Polepole alianza kusema. Nyumba aliyoambiwa ina watu wanne ilikuwa na watu kumi na wawili, ghorofa tatu. Alikuwa analala saa saba usiku na kuamka saa kumi na moja. Mshahara wa kwanza aliuona mwezi wa nne. Simu aliwekewa kabatini, akawa anapewa dakika chache siku ya Ijumaa, mtu amesimama kando.

Sasa sikilizeni jambo lililotuuma zaidi. Ng'ambo ya bonde la Kapingazi, mwendo usiofika nusu saa kwa miguu, anaishi mama mmoja aliyefanya kazi katika mji ule ule, na aliyepelekwa na ajenti yule yule. Alikuwa amerudi mwaka mmoja kabla ya msichana wetu kuondoka. Alijua kila kitu. Alijua kwamba mkataba unaopewa Nairobi sio unaotolewa ukifika kule. Tulikuwa tunaonana naye kila Jumapili, tunamsalimu, "Habari za nyumbani, mama?" Hakuna aliyemwuliza. Hata mama wa yule msichana hakumwuliza, na wanauza majani ya chai katika kituo kimoja!

Kwa nini hakuulizwa? Tulimwendea baadaye tukiwa na haya usoni, naye alitujibu bila hasira. Alisema, "Mlinitazama mkaona nimerudi bila ploti na bila nyumba ya mawe. Mkasema, huyu hana cha kutufundisha."

Basi hapo ndipo penye shida. Sisi watu wa hapa tunauliza, hatuwezi kusema hatuulizi. Mtu akitaka kununua ng'ombe atauliza watu watano: anatoa kilo ngapi, alizaa lini, mbona anauzwa. Lakini mtoto akitaka kuvuka bahari tunamwuliza mtu mmoja tu, yule ambaye bado yuko kule na anatuma picha amesimama mbele ya jengo la vioo. Huyo hawezi kukwambia yote. Pengine mwajiri anasoma simu yake. Pengine anaona aibu kwa sababu mama yake amekwisha kutangaza kwa jirani kwamba mambo ni mazuri. Na wengine, tuseme ukweli, wanapewa kitu kidogo na ajenti kwa kila msichana wanayemleta. Akikusihi sana uharakishe, mwulize kwa upole, "Dada, wewe unapata nini mimi nikienda?" Ukimwona anakasirika, umekwisha kujibiwa.

Aliyerudi hana la kukuuzia. Mwulizeni huyo. Ila msimwite mkutanoni kama huu na kumsimamisha mbele ya watu. Mwende kwake jioni, mumsaidie kupukuchua mahindi, mkae. Siku ya kwanza huenda asiseme neno. Rudini.

Na mkikaa naye, swali la "Je, kule ni kuzuri?" liacheni. Kule ni kuzuri kwa nani? Ulizeni mambo madogo yanayoweza kuhesabiwa. Mshahara wa kwanza ulipata tarehe gani? Ulitumwa nyumbani kwa njia gani, na nani aliyeutuma, wewe au mwajiri? Pasipoti ilikaa kwa nani? Ulilala wapi, chumba kilikuwa na ufunguo? Chakula ulikula saa ngapi? Ulipougua, nani alilipa daktari? Ulipotaka kurudi, ulimwambia nani kwanza, na ilichukua siku ngapi? Mtu akijibu maswali haya mtajua wenyewe kama kule ni kuzuri, hata asiposema.

Muangalie pia kama mnayemwuliza alifanya kazi hiyo hiyo, katika nchi hiyo hiyo. Hapa tumeona watu wakipotezwa bila mtu kuwadanganya. Kijana aliyekuwa askari wa kulinda jengo Doha anamwambia binamu yake kwamba siku hizi mfanyakazi anaweza kumwacha mwajiri mbaya akatafuta mwingine. Anasema kweli yake. Qatar ilibadilisha sheria mwaka wa 2020, na tangu Machi 2021 ikaweka mshahara wa chini wa riyali 1,000 kwa mwezi kwa wafanyakazi wote, hata wa nyumbani, pamoja na pesa za chakula na malazi kama mwajiri hatoi mwenyewe. Lakini binamu haendi Doha. Anakwenda Riyadh kufanya kazi ya nyumba. Saudia nayo ililegeza sheria zake mwaka wa 2021, lakini ulegezaji ule uliwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani, pamoja na madereva wa nyumbani, watunza bustani na wachungaji. Msichana akitoka nyumbani kwa mwajiri akifikiri yuko na haki ya yule askari wa Doha, anaweza kuhesabiwa kuwa mtoro. Hii ndiyo ile wanayoita kafala: mwajiri ndiye mdhamini wako, na karatasi zako za kukaa nchini zimefungwa kwake.

Na mwulize alikuwa huko mwaka gani. Mambo hubadilika. Mwaka wa 2014 serikali yetu ilisimamisha kupeleka wafanyakazi wa nyumbani katika nchi zile na kufuta leseni za mashirika yaliyowapeleka. Halafu 2017 milango ikafunguliwa tena kwa masharti mapya. Aliyekwenda kabla ya hapo alipitia njia nyingine kabisa.

Mama mmoja hapa mbele ametuuliza swali tukiwa bado tunaingia: kwani wote wanaumia? Hapana, mama. Tungesema hivyo tungekuwa waongo, na nyinyi mngetucheka kwa maana nyumba za mawe zilizojengwa na wasichana mnaziona kwa macho yenu. Wako waliosomesha ndugu zao. Yuko mmoja aliyemchimbia baba yake kisima. Hatukuja kuwaambia msiende. Kahawa ina miaka yake ya kutuangusha, shamba limegawanywa mpaka limekuwa kama leso, na kijana hawezi kula ushauri. Tena waliofaulu nao waulizwe, kwa maswali yale yale. Mtaona kwamba wengi waliofaulu walikwenda wakijua jina la mwajiri, mji wenyewe, na idadi ya watoto nyumbani.

Mji wenyewe, ndiyo. Mtu anasema "nakwenda Saudia" kama anayesema "nakwenda Embu mjini." Kutoka Riyadh mpaka Jeddah ni karibu kilomita 950. Kutoka Embu hadi Nairobi ni kama 125. Ubalozi wetu uko Riyadh. Ukiwa Jeddah umepata shida, ukaambiwa uende ubalozini, ni kama kwenda Nairobi kwa miguu zaidi ya mara saba, na hupewi ruhusa hata ya kwenda dukani.

Upande wa pesa tutapita haraka kwa sababu mnajua hesabu kuliko sisi. Wasichana wengi wanaokwenda Saudia wanaandikiwa riyali 900 au 1,000 kwa mwezi. Riyali 3.75 ni dola moja, haibadiliki. Dola ikiwa shilingi 129, riyali 1,000 ni kama shilingi 34,000. Ajenti akikwambia utapata 80,000 ya kufua na kupika, mwambie akuonyeshe kwa maandishi. Jambo lingine waliorudi wanatuambia: mwajiri kule analipa pesa nyingi ili aletewe mfanyakazi. Kwa nini basi ng'ombe wa mama yako auzwe? Ulizeni hilo swali kwa sauti. Pia ulizeni, nikirudi kabla ya miaka miwili ya mkataba, nani atadaiwa?

Ajenti mwenyewe aangaliwe. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2016, ina orodha ya mashirika yaliyoandikishwa. Kijana mwenye simu ya intaneti anaweza kuangalia. Na kama mtu anawadanganya watu na kuwapeleka kunyanyaswa, hiyo si bahati mbaya, ni jinai. Sheria ya 2010 ya kupinga biashara ya kusafirisha watu inaweka kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Watu wengi hapa hulalamika kwa chifu juu ya jogoo aliyeibwa lakini hawaendi kwa chifu juu ya hili.

Kuna mambo madogo ambayo yule mama wa ng'ambo ya Kapingazi alitupa, nasi tunawapa kama tulivyopewa. Nakala ya pasipoti, ya mkataba na ya viza ibaki kwa mama, si kwa simu peke yake, kwa maana simu huchukuliwa. Namba tatu za simu zikae kichwani, uziimbe kama mtoto anayejifunza hesabu. Saa za Saudia na za Qatar ni sawa na za hapa, kwa hivyo mtu wa nyumbani asiseme hakujua apige saa ngapi, ila Dubai na Oman wako mbele kwa saa moja. Mkubaliane neno moja la siri: ukisikia mtoto anauliza habari ya ng'ombe fulani ambaye hamjawahi kuwa naye, jua ana shida na anasikilizwa.

Na lugha isikutishe sana. Alituchekesha alipotwambia kwamba siku ya kwanza jikoni alisikia sabuni, sukari, samaki, akafikiri wanazungumza Kiswahili kibovu! Nusu ya jiko alilielewa kabla ya kufundishwa. Lakini alituonya: maneno kufanana si kuelewana.

Wengine mmeuliza juu ya kusali. Hapa napo inategemea nchi. Qatar kuna kanisa la Mama wa Rozari huko Doha, lililofunguliwa 2008, na Kuwait, Bahrain, Oman na Emirates makanisa yapo. Saudia hakuna kanisa hata moja. Na hata penye kanisa, lazima uwe na siku ya mapumziko na ruhusa ya kutoka. Siku ya mapumziko iwe imeandikwa katika mkataba. Yule mama alituambia alisali rozari kwa vidole kumi, akifua, miaka miwili.

Mwisho, tuwaambie lililo mezani kwetu. Wiki iliyopita msichana mwingine ametuletea fomu ile ile, na barua anayotaka ni ile ile. Kwao hawajauza ng'ombe bado, ila mnunuzi amekwisha kuja kumtazama. Yuko hapa ndani, hatutamwonyesha kwa kidole. Tumemwomba atupe siku chache. Alhamisi baada ya majani kupimwa tutavuka bonde pamoja naye na mama yake, tukamwone yule mama. Amekubali kutupokea. Amesema tusilete soda wala zawadi, tulete ule mkataba.