Kura Haipotei, Lakini Mbunge ni wa Nani?

Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



Niliombwa nizungumze jambo litakalowafaa vijana ambao karibu watapiga kura yao ya kwanza. Nimechagua uchaguzi wa wabunge kwa uwiano wa kura, na mfano wangu ni Afrika Kusini. Sikuja kumpigia debe mtu wala chama. Mtumishi wa serikali hana ruhusa hiyo. Nimeichagua nchi hiyo kwa sababu wapigania uhuru wake waliishi kwetu. ANC walijenga shule yao Mazimbu, Morogoro, na PAC walikuwa na ofisi Dar es Salaam.

Njia ya majimbo twaijua sote. Anayewapita wenzake huchukua kiti, hata kama amewapita kwa kura moja. Afrika Kusini nayo ilitumia njia hiyo zamani, na matokeo yake yanatupasa kuyakumbuka. Mwaka 1948, karibu wapiga kura wote wakiwa Wazungu, chama cha Jan Smuts kilipata karibu nusu ya kura zote. Chama cha D. F. Malan kilipata asilimia 38 hivi. Lakini kura nyingi za Smuts zilirundikana mijini, na za Malan zilienea katika majimbo ya mashamba yenye wapiga kura wachache. Malan na washirika wake wakapata viti 79, Smuts 65. Serikali hiyo ya Malan ndiyo iliyoufanya ubaguzi wa rangi kuwa msingi wa sheria za nchi.

Basi, ilipoandikwa katiba ya mpito mwaka 1993, njia ya majimbo iliachwa. Katika uchaguzi wa Aprili 1994 mpiga kura hakuchagua mtu bali chama. Kila chama kilitoa orodha ya majina kwa utaratibu wa nani wa kwanza na nani wa pili. Viti 400 viligawanywa kwa kadiri ya kura, na walioingia bungeni ni wale wa juu katika orodha.

Wanafunzi mlio na kalamu, fanyeni hesabu hii pamoja nami. Kura halali zilizidi milioni 19.5, na kiti kimoja kilihitaji kura 48,712. ANC, kwa asilimia 62.65 ya kura, walipata viti 252. Chama cha F. W. de Klerk kilipata 82, na Inkatha 43. Sasa tazameni walio wadogo. Chama cha Kikristo cha ACDP kilipata kura 88,104 katika nchi nzima. Ukitoa 48,712 za kiti cha kwanza, zabaki 39,392. Baki hilo lilikuwa kubwa kuliko la wengine wengi, nalo likawapa kiti cha pili. Ni vigumu kuona jimbo ambalo chama hicho kingeshinda peke yake.

Faida yake haikuwa ya hesabu tu. Inkatha walikuwa wameukataa uchaguzi ule, na damu nyingi ilikuwa imemwagika Natal. Walikubali kushiriki wiki moja tu kabla ya kupiga kura, hata ikabidi jina lao libandikwe chini ya karatasi zilizokwisha kuchapwa. Katiba ilisema chama chenye viti 20 kina haki ya kuwamo katika Baraza la Mawaziri. Hivyo Mangosuthu Buthelezi akawa Waziri wa Mambo ya Ndani chini ya Rais Mandela. Aliyetaka kubaki nje alipata kiti ndani.

Ndugu zangu, hiyo ndiyo faida. Gharama yake ni kwamba mbunge wa orodha hana jimbo lililomchagua. Chama hupanga jina lake, na akifukuzwa chamani hupoteza kiti. Tarehe 8 Agosti 2017 Bunge lilipiga kura ya kutokuwa na imani na Rais Zuma, na kwa mara ya kwanza kura hiyo ilikuwa ya siri. Wapinzani wote walikuwa 151, lakini waliotaka Rais aondoke walikuwa 177. Maana yake angalau wabunge 26 wa ANC walisema sirini yale ambayo karibu hakuna kati yao aliyethubutu kuyasema hadharani. Rais alipona kwa kura 198.

Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 2020 kwamba mtu asiye na chama naye aruhusiwe kugombea. Waliojaribu mwaka 2024 hawakupata kiti. Katika uchaguzi huo ANC walipata viti 159, wakakosa nusu kwa mara ya kwanza tangu 1994, ikabidi waunde serikali pamoja na wapinzani wao wa jana. Chombo kilekile kilichowapa wadogo nafasi kilimlazimisha mkubwa kuomba msaada.

Jambo hili si geni kwetu. Viti maalum vya wanawake katika Bunge la Tanzania hugawiwa vyama kwa kadiri ya kura zao za ubunge, nao wanaoviingia hutoka katika orodha za vyama.

Vijana, mtasikia watu wakibishana ni njia gani iliyo bora. Kabla ya kujibu, ulizeni maswali mawili. La kwanza, je, kura yangu itahesabiwa hata nikiwa katika wachache? La pili, je, aliyeingia kwa kura yangu atanijibu mimi, au atamjibu aliyepanga orodha? Njia ya majimbo hujibu vizuri zaidi swali la pili, ya uwiano hujibu la kwanza. Zipo nchi, kama Ujerumani, zilizochanganya njia zote mbili, mpiga kura akipewa kura ya mtu na kura ya chama. Anayewasifia njia yoyote kwa kujibu swali moja tu, mwombeni ajibu na la pili.