Biashara Ndogo, Uchumi wa Nchi na Kalamu ya Serikali

(Mada iliyotolewa kwa vijana baada ya swala ya Tarawehe, Kisauni)

Ndugu zangu vijana, dakika nilizopewa ni chache na mada ni nene, kwa hivyo naingia moja kwa moja. Wengi wetu tukisikia "uchumi wa nchi" twadhani ni mambo ya Nairobi na watu wa tai. Sivyo. Mwaka 2016 Shirika la Takwimu la Taifa lilitoa hesabu ya biashara ndogo na za kadiri Kenya nzima. Zilikuwa kama milioni 7.4, na zenye leseni ni kama milioni 1.56 tu. Zilizobaki ndizo hizi zetu: kinyozi, fundi cherehani, muuza viazi karai, mwenye kuchoma mishkaki. Ukizikusanya zote, zilikuwa zaleta karibu thuluthi moja ya pato la nchi. Basi yule mama anayekaanga bhajia pale Mlaleo yumo ndani ya uchumi wa taifa, hata kama kanjo hamjui ila siku ya kumfukuza.

Kila mwanasiasa akija atuambia, "Vijana, jiajirini." Maneno mazuri. Lakini kazi uliyoijenga miaka kumi yaweza kuuliwa na karatasi moja iliyotiwa sahihi na mtu asiyekujua. Mfano tunao, wala si wa kwenda mbali. Ni Changamwe.

Trela moja ikitoka bandarini kwenda Nairobi au Uganda hailishi dereva na taniboi pekee. Kuna fundi wa panchari, muuza vipuri, mchomeleaji, mlinzi wa yadi, mama wa chakula pale Magongo, na mwenye vyumba vya kupangisha Miritini. Hao wote hawamo katika vitabu vya kampuni yoyote, lakini mshahara wao ni lile trela.

Reli ya SGR ilianza kubeba abiria 2017 na mizigo 2018. Kuwepo kwa reli si tatizo, nchi yataka reli. Tatizo lilikuja Agosti 2019, lilipotoka agizo kwamba mizigo yote ya kutoka nje inayokwenda Nairobi na kupita huko lazima ipande reli, na kazi ya kuitoa ifanyiwe Nairobi. Serikali ilikuwa na hesabu yake: reli imejengwa kwa mkopo wa China, na mkopo wataka mizigo ili ulipwe. Lakini je, ile hesabu ya fundi wa panchari, nani aliipiga?

Watu wakaandamana mjini, Jumatatu kwa Jumatatu. Wengine wakaenda kortini. Novemba 2020 Mahakama Kuu hapa Mombasa ikasema agizo lile lakiuka katiba. Tarehe 13 Septemba 2022, siku ya kuapishwa, Rais Ruto akatangaza kazi ya kutoa mizigo irudi Mombasa. Hesabuni wenyewe, ni miaka mitatu. Kampuni kubwa yaweza kungoja miaka mitatu. Kibanda cha chakula hakingoji hata miezi mitatu; sufuria zishauzwa.

Sasa mtaji. Hapa pana jambo latugusa sisi hasa. Hazina ya Hustler ilipoanza Novemba 2022, ilikuja na asilimia 8 kwa mwaka. Kijana wa kiislamu anayeogopa riba akabaki nje, si kwa uvivu. Hazina ya Uwezo, iliyoanzishwa 2013, haitozi riba, ila ada ya usimamizi ya asilimia 3, nayo yakopesha vikundi vilivyosajiliwa. Hukumu ya ile ada waulizeni masheikh, mimi si mufti. Benki mbili za kiislamu zilianza kazi nchini 2008, lakini benki ni benki: itataka dhamana na vitabu vya hesabu, na sisi hesabu zetu ziko kichwani. Nasema wazi, hili la kutoweka hesabu tusilisukumie serikali.

Mwajua kisa cha Abdurrahman bin Auf. Alifika Madina hana kitu, akapewa nusu ya mali na ndugu yake wa kianswari, hakuitaka, akauliza soko liko wapi. Twasifu bidii yake, na ni haki. Lakini angalieni pia kwamba soko lilikuwepo. Aliingia akauza jibini na samli, hakuna aliyempindulia meza.

Masoko na leseni za biashara, kwa Katiba ya 2010, ni kazi ya kaunti. Ada za mwaka huwekwa na Sheria ya Fedha ya kaunti, na kabla haijapita lazima wananchi waulizwe. Nendeni mkaone wanaohudhuria: wazee, wafanyakazi wa kaunti, na watu waliofuata soda. Wauza mitumba wa Kongowea hawapo, wa bodaboda hawapo, vijana wa kivuko cha Likoni hawapo. Halafu ada ikipanda twalia redioni.

Nataka kabla ya Idi kila kikundi hapa kichague watu wawili wa kwenda kwenye kikao kijacho. Waende na daftari: kodi ya kibanda ni kiasi gani, leseni kiasi gani, siku ngapi kanjo wamechukua bidhaa. Aliye tayari aje aniandikishe jina lake hapa mbele, na wenye maswali tuanze.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.