Kwanza Mkunga, Halafu Jengo

(Hotuba kwa wajumbe wa jumuiya ndogo ndogo, mkutano wa afya wa parokia)



Wapendwa wajumbe, kina baba na kina mama, pesa ya harambee yetu inatosha jambo moja tu: kujenga chumba cha kujifungulia pale zahanati, au kuwalipia karo mabinti wawili wasomee uuguzi na ukunga. Kabla ya kupiga kura, sisi wa ofisi ya maendeleo tunaomba tuangalie jinsi wenzetu wa Nsambya, Kampala, walivyoanza.

Mwaka wa 1903 masista Wafransisko walifika Nsambya wakiitwa na Askofu Hanlon. Mmoja wao alikuwa Mama Kevin Kearney, mzaliwa wa Ireland. Hospitali haikuwapo. Inasimuliwa kwamba walianza kutibu watu chini ya mwembe.

Akina mama wengi walikuwa wakifa wakizaa, na vichanga vilevile. Lakini sheria ya Kanisa wakati ule haikuwaruhusu watawa kufanya kazi ya ukunga. Sasa angefanya nini? Jirani pale Mengo, Waanglikana walikuwa wameshaanza kufundisha wakunga Waafrika, chini ya Daktari Albert Cook na mkewe Katharine, aliyekuwa muuguzi. Nsambya nayo ikampata daktari mlei, Evelyn Connolly, na katika miaka ya 1920 mabinti wa nchi wakafundishwa ukunga hapo. Mwaka wa 1923 Mama Kevin akaanzisha shirika la watawa Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, ambao hata hapa Kenya tunao. Roma ilitoa ruhusa kwa watawa kufanya ukunga mwaka wa 1936. Kufikia hapo, mabinti waliofundishwa walikuwa kazini tayari.

Mnaona basi? Mlango mmoja ulifungwa, wakapitia kwa watu wenyewe.

Tunajua mnalosema huko nje: "Binti akihitimu atatoroka aende mjini, ama ng'ambo, na pesa yetu imekwenda." Ni neno la haki, tusilipuuze. Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Wachaguliwe mabinti wanaojulikana na jumuiya zao. Mzazi na binti watie sahihi kwamba atatumikia zahanati yetu miaka mitatu. Na sisi tumtafutie nyumba ya kuishi, maana mkunga asiye na pa kulala hawezi kukaa.

Chumba kisicho na mkunga kitageuka stoo ya mahindi. Mkunga asiye na chumba kizuri atamhudumia mama katika chumba tulicho nacho, na akiona hatari atajua mapema kumpeleka hospitali. Jengo tutalichangia mwaka ujao.

Kura ni Jumapili, baada ya Misa ya pili. Kina mama, msikae nyuma. Ninyi ndio mnaozaa.